Akianza na Hatua Usiyoijua

Nimefungwa sataranji, tena na mtu ninayelala naye kitanda kimoja, kabla hata chai yangu haijapoa. Jamani, iliniuma! Na kilichoniuma zaidi si kufungwa, ni namna nilivyojibu.

Kwa wale wageni wa safu hii: mimi na mume wangu si mabingwa. Sataranji tuliianza baada ya kuangalia ile filamu ya mwaka 2016 inayosimulia maisha ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala. Tukanunua ubao, na tangu hapo Ijumaa usiku, watoto wakishalala, tunazima televisheni na kukaa mezani. Anayefungwa anaosha vyombo. Ni raha, maana kwa saa nzima hakuna anayeshika simu.

Tatizo la wachezaji wa nyumbani ni kwamba tunazoeana. Yeye akianza, anasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili. Mimi najibu hivyo hivyo. Farasi wanatoka, maaskofu wanatoka, na kila mtu anajua nini kinafuata, kama njia ya kwenda kazini. Basi Ijumaa hiyo mwenzangu akatabasamu, akamsogeza askari wa pembeni, yule anayesimama mbele ya farasi wa upande wa malkia, hatua mbili. Nikamtazama usoni. Nikatazama ubao. Kitu gani hiki?

Nilichofanya ndicho ambacho wengi wetu hufanya: nilitafuta kula. Nikapeleka askari wa mfalme wangu hatua mbili, askofu wangu akafunguliwa njia, na yule askari wake wa pembeni akawa hana mlinzi. Yeye wala hakumlinda. Akaweka askofu wake nyuma, kwenye ule mstari mrefu wa mshazari. Nikala askari. Naye akala askari wangu wa katikati. Nikaona askofu wake amekaa peke yake, nikamtishia kwa farasi wa upande wa malkia. Nilijiona mjanja kweli! Yeye akapita na askofu yuleyule hadi kwa askari aliyekuwa mbele ya farasi wangu wa upande wa mfalme, akala, na hapo ndipo nikaona: ngome yangu imebanwa pale kwenye kona, mbele askari, pembeni farasi, haina pa kwenda. Ikaliwa ikiwa imekaa kwao.

Kumbe wiki nzima alikuwa anaangalia video za mchezo huo akiwa kwenye foleni. Nikaosha vyombo kwa hasira, nusura nivunje sahani.

Nikakariri, nikashindwa

Kesho yake nikaapa kulipiza. Nikapakua programu kwenye simu, nikaanza kukariri majibu. Ukweli ni kwamba nilichoka siku ya tatu. Hebu fikiria: mtu anayeanza sataranji ana hatua 20 za kuchagua. Wa pili naye ana 20. Yaani kila mtu akishacheza mara moja tu, tayari kuna namna 400 ubao unavyoweza kukaa. Mimi nina kazi, nina watoto wawili, nina kikoba cha Jumapili. Nitakariri lini?

Na hata ukikariri, unakariri jibu tu. Mwenzako akitoka nje ya ulichokariri, unabaki umeduwaa.

Baraza la Mtawanya

Wiki mbili baadaye tulikwenda ukweni, Mtawanya, Kibiti. Safari ile naipenda. Mnatoka Mbagala Rangi Tatu, mnapita Vikindu, Mkuranga, Bungu, korosho na machungwa yanauzwa pembeni mwa barabara, na mkifika Kibiti hata pumzi inabadilika.

Baba mkwe ni mtu wa bao. Jioni, baada ya sala ya alasiri, wazee wenzake wanakuja chini ya mwembe, na komwe zinaanza kulia kwenye mbao. Mimi nilikaa kwenye jamvi na mama, tunamenya mihogo, lakini macho yangu yako kule. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 tu ubaoni: sita kwenye shimo kubwa liitwalo nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Zile 22 zilizobaki anazishika, anaziingiza moja moja. Huko ndiko kunamua.

Wazee walipoondoka kwenda kutawadha, nikamsogelea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kucheza?"

Nikamwambia kisa changu cha sataranji. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akapanga kete, akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kulitambua. Mwanzoni mwa bao hakuna awezaye kula, kwa sababu mashimo yako yenye kete yanatazamana na mashimo matupu ya mwenzako. Anayeanza anatakata tu. Na namna zake za kutakata ni chache, zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini ndani ya uchache huo mna mtego: ukisambaza kwenda kulia, kete zako zinabaki mbali na zake. Ukisambaza kushoto, unazipeleka mbele ya mashimo yake yaliyojaa, na yeye anaanza kula palepale.

"Sasa baba, akija mtu wa mbali, akaanza kwa namna usiyoizoea, unamjibuje?"

Akapapasa nyumba yake kwa kidole. "Kwanza naangalia nyumba yangu. Nyumba ikiwa salama, mgeni na acheze apendavyo. Pili naangalia zile kete zake zimekwenda wapi, maana zilipokwenda ndipo anapopataka. Kula nakufikiria mwisho."

Mimi nilikuwa nimeanza na kula.

Majibu matatu, chagua lako

Niliporudi kwenye ubao wangu nikaiangalia upya ile hatua ya askari wa pembeni. Si ngeni hivyo. Kwenye mashindano ya New York ya mwaka 1924, bingwa Savielly Tartakower aliicheza dhidi ya Géza Maróczy wa Hungaria. Inasimuliwa kwamba siku ya mapumziko alikwenda bustani ya wanyama, akampenda orangutani mmoja aliyeitwa Susan, na tangu hapo mwanzo huo ukapewa jina la nyani huyo mkubwa. Maróczy alifanya nini? Hakukimbilia kula. Alitoa farasi, akajenga katikati, akamficha mfalme wake, na mchezo akashinda yeye.

Nimeona kwamba sisi wachezaji wa kawaida tuna majibu ya aina tatu kwa mwanzo tusioujua.

La kwanza ni kula kilichowekwa mbele yako. Si kosa lenyewe. Hata mimi ningeweza kumla yule askari, ilimradi baada ya hapo nimtoe farasi wa upande wa mfalme, akae kwenye mstari wa yule askofu na kuiziba njia ya kwenda kwenye ngome. Jibu hili linataka uone hatua tatu mbele. Kama umechoka na ni saa nne usiku, liache.

La pili ni kusimama imara. Unaweka askari katikati, akitishiwa unamlinda kwa askari mwingine, wala huli kitu. Huna pupa, na mwenzako anabaki na video yake.

La tatu ndilo nililolichagua mimi: mpangilio mmoja ninaoujua, kwa karibu kila mwanzo nisioujua. Askari wa malkia hatua mbili, farasi wa upande wa mfalme nje, askofu nje, mlango unafungwa kwa askari mmoja, mfalme anajificha. Programu ya simu inaweza kuniambia kuna jibu bora kuliko hili. Sawa. Lakini jibu bora nisilolielewa litanifikisha hatua ya tano, baada ya hapo nitakuwa peke yangu gizani. Afadhali jibu la wastani ambalo najua kesho yake nifanye nini.

Kwa hiyo mwenzako akianza na kioja, jiulize haya kabla hujagusa kete:

• Hatua hii inatishia nini sasa hivi? Kama haitishii kitu, huna haraka.

• Ametazama upande gani? Hapo ndipo atakaporudi.

• Mfalme wangu yuko salama? Ngome zangu je?

• Nikijibu hivi, hatua inayofuata naijua?

Na mchezo ukiisha, usikariri kitabu kizima. Tafuta kosa lako moja, lile la kwanza kabisa, ulirekebishe. Mwezi ujao utarekebisha jingine.

Usiku ule jamvini

Sasa msomaji wangu, nikuambie kilichonifanya niandike haya.

Usiku ule ule, tumelala chini ya chandarua, mume wangu akasema, "Nataka kuacha kazi mjini. Nirudi huku."

Kimya. Chura tu wanalia.

Alishawahi kuligusia jambo hili mara moja, mwaka jana, na mimi nilijibu kama nilivyojibu ule mchezo. Nilimrukia. "Na ada za watoto utalipa kwa korosho?" Nilishinda maneno, ndiyo. Tukakaa wiki tatu tunaongea mambo ya umeme na maji tu. Ndani ya nyumba moja! Wenye ndoa mnanielewa.

Safari hii mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga. Nikajiuliza, anatazama upande gani? Mtu huyu anapenda kazi yake. Anapenda mji. Shamba la korosho hata kupulizia dawa hajui. Sasa anataka nini?

Ndipo nikakumbuka kile kidole. Baba alipokuwa anacheza, kila mara alikuwa anapapasa mashimo. Mimi nilidhani ni madoido ya wazee. Nikakumbuka pia kwamba yule mzee wa kulia kwake alikuwa akimnong'oneza, "nne hizo," "moja hiyo," na wenzake hawakulalamika. Na aliponipokea shikamoo, alitazama pembeni kidogo ya uso wangu.

Nikauliza polepole, "Baba haoni, eh?"

Mume wangu hakujibu kwa muda mrefu. Kisha nikasikia anavuta kamasi. Akaniambia ni tangu mwaka juzi, jicho moja, sasa na la pili linaingia ukungu. Mzee amekataza mtu yeyote asiseme, hasa mimi, eti mkwe asije akamwonea huruma. Mama peke yake hawezi kumwangalia mzee na shamba pia.

Angalieni, kama ningekula ule mtego tena, tungekuwa tunagombana kuhusu mshahara na ada, wakati suala ni macho ya mzee.

Sikusema ndiyo, na sikusema hapana. Kuacha kazi si jambo la kukubali chandaruani. Nilisema, "Kabla hujaacha kazi, twende naye mjini apimwe." Kwa sababu ukungu wa macho ya uzeeni mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji, mtu anaona tena. Mara nyingine ni presha ya macho, na hiyo kila siku inayopita inakula uoni usiorudi. Wazee wengi vijijini wanakaa nalo wakidhani ni umri tu. Kama wako anaanza kupapasa, mpeleke kwa daktari wa macho, usingoje akuambie.

Kumshawishi mzee haikuwa rahisi. Nilimwambia, "Baba, mimi nataka unifundishe bao, na siwezi kufundishwa na mtu ambaye haoni kama ninaiba kete." Alinyamaza. Akauliza, "Nani amekuambia?" Nikasema, "Kidole chako." Akaguna, kisha akasema tutazungumza mavuno yakiisha. Nikasema mavuno hayaoni, anayeona ni wewe. Mama akacheka kule jikoni, na nikajua tumepata nusu ya safari.

Yuko kwetu sasa, chumba cha watoto. Jicho la kwanza limeshafanyiwa upasuaji, la pili bado. Suala la kurudi Mtawanya halijaisha, mume wangu bado analitaka, na mimi bado naogopa. Tunalizungumza kidogo kidogo.

Ijumaa iliyopita mwenzangu alianza tena na yule askari wake wa pembeni. Nikatoa mpangilio wangu, hatua kwa hatua, mfalme ndani. Baba mkwe alikaa pembeni amefunikwa jicho, anatazama kwa lile lililobaki na kuuliza farasi anaruka vipi. Tulicheza karibu saa mbili. Vyombo niliosha mimi, lakini safari hii ngome zangu zilitembea.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.