Redio za Upepo za Bei Nafuu: Uhalali Hauishii kwenye Risiti ya Duka

Msimu wa korosho unapofunguliwa katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, mahitaji ya mawasiliano ya haraka huongezeka kwa ghafla. Maghala hupokea mzigo, malori hupanga foleni, walinzi hupokezana zamu, na katika vijiji vya bonde la Mto Mbwemkuru wapo watu wanaolazimika kupanda kichuguu au kilima ili simu ishike mtandao. Mvua zinapoanza, njia za vumbi hugeuka matope na umbali kati ya kijiji na kijiji huongezeka bila kilomita kuongezeka. Katika mazingira hayo, redio ndogo ya upepo ya kushika mkononi, inayoagizwa kwa mtandao au kununuliwa dukani kwa fedha isiyofikia bei ya simu janja, huonekana kuwa jawabu kamili. Haihitaji vocha, haihitaji laini, haihitaji mnara.

Hata hivyo, kifaa hicho kina sharti ambalo mnunuzi halioni kwenye boksi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, haiichukulii redio ya upepo kuwa bidhaa tu kama tochi au kikokotoo. Huichukulia kuwa kituo cha kurushia mawimbi. Kwa sababu hiyo, uhalali wake hupimwa kwa maswali matatu. La kwanza ni iwapo aina hiyo ya kifaa imeidhinishwa kuingizwa na kutumika nchini. La pili ni iwapo masafa yatakayotumika yametolewa kwa matumizi hayo. La tatu, ambalo huwahusu hasa waendeshaji wa redio za ridhaa, ni iwapo mtu anayebonyeza kitufe cha kuzungumzia anayo leseni kwa jina lake.

Mkanganyiko mwingi hutokana na kudhani kwamba jibu la swali moja hutosheleza mengine. Mwananchi aliyelipia ushuru wa forodha hudhani amemaliza. Chama kilichopewa masafa hudhani kinaweza kununua redio yoyote. Mwenye leseni ya ridhaa naye anaweza kudhani kuwa leseni yake imeihalalisha redio iliyopo mkononi mwake kwa kila matumizi. Hakuna hata mmoja kati yao aliye sahihi.

Wananchi wengi wanakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia. Simu hizo ziliweza kuzimwa kwa sababu kila simu hujitambulisha kwenye mtandao kwa namba yake, na mtandao ukiikataa namba hiyo, simu hubaki kuwa mapambo. Redio ya upepo haina mlezi wa aina hiyo. Huzungumza moja kwa moja na redio nyenzake, bila kumwomba ruhusa mtu wala mtambo, na hakuna swichi iliyopo Dar es Salaam au Dodoma inayoweza kuinyamazisha. Ndiyo maana udhibiti wake huegemea zaidi sehemu mbili: mlango wa kuingilia nchini na kidole cha mtumiaji. Kifaa kisichofaa kikishapita mlango wa kwanza, kinachobaki ni wakaguzi kukifuatilia kwa mitambo ya kusaka mawimbi, kazi ambayo ni ghali na ya polepole, hasa katika eneo lenye misitu na vilima kama ilivyo kusini mwa nchi.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni redio ya Baofeng UV-5R, iliyotengenezwa China na kuanza kuenea takriban mwaka 2012. Kwa nguvu ya wati 4 hadi 5, hurusha mawimbi kuanzia megahezi 136 hadi 174, na tena kuanzia 400 hadi 480 au 520 kutegemea toleo. Katika Kanda ya Kwanza ya Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, ambamo Afrika yote imo, sehemu za redio ya ridhaa ndani ya mipaka hiyo ni megahezi 144 hadi 146 na 430 hadi 440. Maana yake ni kwamba katika upana wa megahezi 38 wa sehemu ya kwanza, zinazomhusu mwendeshaji wa ridhaa ni megahezi 2 tu. Zilizobaki zina wenyewe.

Wenyewe hao si wa kuchezewa. Megahezi 136 hadi 137 ni sehemu ya juu ya masafa ya mawasiliano ya ndege. Megahezi 156.8 ni chaneli namba 16 ya baharini, ambayo vyombo vya majini huitumia kuitana na kuomba msaada. Kati ya megahezi 406 na 406.1 ndipo zinaporusha ishara redio za dharura za ndege na meli, zile zinazosikilizwa na setilaiti ili waokoaji wajue chombo kilipoangukia au kuzamia. Redio hiyo ya dharura hurusha kwa wati 5, nguvu ileile ya redio ya mkononi ya bei nafuu. Kanuni za kimataifa zinakataza mawimbi yoyote yanayoweza kuisumbua sehemu hiyo ya masafa, lakini kwenye redio ya mkononi ni namba kama namba nyingine: mtu huiandika kwa vitufe, na redio hutii.

Ni haki kusema kwamba hatari hizi hazilingani kila mahali. Mlinzi wa ghala mjini Nachingwea, akibonyeza kwa makosa chaneli ya baharini, hawezi kwa urahisi kumsumbua mvuvi wa Lindi au Kilwa. Mawimbi ya aina hii husafiri kwa mstari ulionyooka, na kwa mtu aliyesimama ardhini upeo hukatika baada ya kilomita chache, mikorosho na vilima vikipunguza zaidi. Anayekaribia mdomo wa Mbwemkuru, mto unapoingia Bahari ya Hindi kati ya Kilwa na Lindi, hana kinga hiyo. Na kwa ndege kinga hiyo haipo popote. Ndege iliyo mita 10,000 angani ina upeo unaozidi kilomita 350, hivyo redio ndogo iliyopo bondeni huwa wazi mbele yake kama taa iliyowashwa uwanjani usiku. Setilaiti huona mbali zaidi ya hapo. Umbali wa Nachingwea na Ruangwa kutoka mijini hauwafanyi watumiaji wake wasionekane.

Lipo pia tatizo lisiloonekana kwenye kioo cha redio. Kifaa kinaweza kuonyesha megahezi 145, mtumiaji akawa na leseni halali ya masafa hayo, na bado kikawa kinavunja kanuni. Kila redio, pamoja na wimbi lililokusudiwa, hutoa mabaki ya mawimbi kwenye masafa mengine, hasa yaliyo mara mbili na mara tatu ya masafa ya awali. Kazi ya vichujio ndani ya redio ni kuyazuia mabaki hayo. Kwa kipimo cha jumla kilichomo kwenye Kanuni za Redio za ITU, redio ya wati 5 haitakiwi kuachia mabaki yanayozidi takriban wati moja kwa elfu ishirini, yaani sehemu moja kati ya laki moja ya nguvu yake. Vichujio ni gharama, na bei inaposhuka sana, mara nyingi ndivyo vinavyobanwa kwanza. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 na maabara ya chama cha waendeshaji redio za ridhaa cha Marekani, ARRL, vilionyesha redio nyingi za bei ya chini zikishindwa mtihani huo, huku za watengenezaji wakongwe wa Japani zikifaulu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Redio chafu inayorusha kwenye megahezi 166 huacha mabaki kwenye 332. Masafa hayo yamo katika sehemu inayotumiwa na mitambo inayoiongoza ndege kushuka kwa pembe sahihi kuelekea kwenye njia ya kutua, katika viwanja vilivyofungwa mitambo hiyo. Mtumiaji hasikii chochote, na redio yake humwonyesha kuwa kila kitu ni shwari. Kwa hiyo idhini ya kifaa si urasimu wa muhuri. Ni hatua pekee ambapo mtu mwenye vyombo vya kupimia huangalia kile ambacho mnunuzi hawezi kukiona.

Hata mataifa yenye waendeshaji wengi wa ridhaa yamelazimika kuchukua hatua. Mwaka 2018, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilimwonya rasmi muuzaji mmoja kwa sababu toleo la UV-5R lililoidhinishwa kwa mawasiliano ya kibiashara liliweza kurusha nje ya masafa ya idhini hiyo. Mwezi Septemba mwaka huohuo ikatoa tahadhari kwa waagizaji, wauzaji na watumiaji kuhusu redio za aina hiyo zisizo na idhini. Nchini humo, redio iliyotengenezwa kurusha ndani ya masafa ya ridhaa pekee haihitaji idhini hiyo, na mzigo wa kuhakikisha usafi wa mawimbi humwangukia mwenye leseni. Msamaha huo ni wa sheria ya Marekani. Mtanzania aliyeusoma mtandaoni hawezi kuutumia kama hoja mbele ya mkaguzi hapa nchini.

Neno ridhaa lenyewe linahitaji ufafanuzi, kwa kuwa wapo wanaolichukulia kama jina jingine la masafa ya bure. Kwa tafsiri ya ITU, redio ya ridhaa ni huduma ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kitaalamu, inayoendeshwa na watu waliopewa kibali, kwa mapenzi ya fani na bila maslahi ya kifedha. Mwombaji hupimwa ujuzi. Mazungumzo yake hayafichwi kwa misimbo ya siri, na kituo chake hujitambulisha hewani kwa alama yake. Kwa Tanzania alama hizo huanza na 5H, kama zilivyo 5Z kwa Kenya na 5X kwa Uganda. Hitaji la kujua alama za Morse, lililowatisha wengi zamani, liliachwa kwa uamuzi wa kila nchi tangu mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003. Kwa masharti hayo, mgodi wa kinywe wilayani Ruangwa, kampuni ya ulinzi au chama cha ushirika hakiwezi kuendesha shughuli zake kwenye megahezi 145, hata kama meneja wake ana leseni ya ridhaa ukutani. Njia yao ni nyingine: kuomba TCRA masafa ya matumizi ya taasisi na kutumia redio ambazo chaneli zake zimepangwa na fundi na kufungwa, ili mlinzi wa zamu ya usiku asiweze kuandika namba nyingine kwa bahati mbaya.

Pamoja na yote hayo, itakuwa kosa kuisoma sheria hii kana kwamba Serikali haitaki wananchi wawe na redio. Mapema Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika wilaya ya Kilwa. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, hitilafu kwenye nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti nchini. Ndani ya wiki mbili, mikoa ya kusini ilipata somo la jinsi barabara na mtandao vinavyoweza kuyumba kwa wakati mmoja. Kanuni za ITU zinaruhusu waziwazi vituo vya ridhaa kupitisha ujumbe wa watu wengine wakati wa dharura na maafa, na zinazihimiza nchi kuviandaa kwa kazi hiyo. Waendeshaji wachache wenye leseni, redio safi na betri zilizojaa, walioko Nachingwea, Ruangwa na Lindi mjini, wangekuwa hazina kwa kamati za maafa za wilaya. Hazina hiyo haipatikani kwa kununua redio siku ya mafuriko. Siku hiyo, redio 20 zisizopangwa, kila moja kwenye masafa iliyoyachagua, huwafunika waokoaji wenyewe.

Hapa ndipo utekelezaji unapohitaji kuongezewa nguvu. Kumnyang'anya redio mlinzi kijijini ni rahisi kuliko kumfikia aliyeiingiza kwa maboksi, lakini mlinzi mara nyingi ndiye wa mwisho kuujua utaratibu, na taarifa juu ya vifaa vilivyoidhinishwa humfikia kwa nadra. Muuzaji wa redio anapaswa kuwa wa kwanza kuulizwa. Maofisa ushirika na watendaji wa kata, ambao tayari hukutana na wananchi kabla ya kila msimu, wangeweza kulibeba somo hili pamoja na lile la mizani na stakabadhi ghalani.

Kwa mnunuzi, hatua ya kwanza ni kunakili jina la mtengenezaji na namba ya toleo la redio, kisha kuuliza TCRA iwapo aina hiyo imeidhinishwa, kabla ya kulipa. Taasisi inayoomba masafa ijiandae kueleza idadi ya redio, nguvu yake kwa wati, eneo zitakapotumika na kazi inayokusudiwa. Aliyekwisha kununua redio asiyoijua uhalali wake aizime, atoe betri, na aulize kwanza.