Barua ya Kudai Ada ya Maegesho: Usiitupe, Wala Usikimbilie Kulipa



Kutoka Tunduma tumepata swali ambalo miaka ya nyuma lisingetufikia kabisa. Mama mmoja anayeuza mchele pale mpakani ana binti anayefanya kazi ya kutunza wazee huko Uingereza. Mama alikwenda kumtembelea. Siku ya kurudi, binti akampeleka uwanja wa ndege kwa gari lake mwenyewe, akamshushia mizigo, wakaagana, akaondoka. Siku 20 baadaye ikamfikia barua ya kampuni binafsi inayosimamia maegesho: anadaiwa pauni 80 kwa kutolipia eneo la kushushia abiria. Ni zaidi ya shilingi laki mbili za kwetu, na fedha hizo zilikuwa zimekwisha kutengwa kwa mahitaji ya shule ya mdogo wake aliyeko Vwawa. Mama anauliza: alipe tu yaishe, au inaruhusiwa kukata rufaa? Asije akafukuzwa nchini.

Kwanza tumwondolee mama hofu hiyo ya mwisho. Dai la kampuni binafsi ni deni linaloweza kubishaniwa. Si kosa la jinai, na peke yake halimfukuzi mtu nchini.

Sisi tumezoea kumkuta mtu. Stendi kuna mtoza ushuru mwenye mashine mkononi. Unampa fedha, anakupa karatasi, na ukiona umezidishiwa unabishana naye papo hapo. Kule katika viwanja vingi hakuna mtu wala kizuizi. Kamera inasoma namba ya gari, na mwenye gari anatakiwa akalipe mwenyewe kwa simu au mtandao. Gatwick walianza kutoza ada hii mwaka 2021, Heathrow wakafuata mwezi Novemba mwaka huo huo kwa pauni 5, na tangu hapo ada imepanda. Heathrow mwisho wa kulipa ni saa 6 usiku wa siku inayofuata. Usiku huo ukipita, pauni chache zinageuka kuwa dai la pauni 80. Hivyo wengi hawakukataa kulipa. Hawakujua kwamba wametozwa.

Sasa binti aiangalie barua yenyewe. Kule kuna barua za aina mbili zenye herufi zile zile tatu, PCN, nazo huwachanganya hata wenyeji. Moja hutoka halmashauri, ni adhabu iliyowekwa na sheria. Nyingine hutoka kampuni binafsi, nayo ni madai tu kwamba dereva amevunja masharti yaliyoandikwa kwenye kibao. Njia za rufaa ni tofauti, kwa hiyo asome nani ameandika kabla ya kufanya lolote.

Wapo watakaomshauri aitupe jalalani kwa kuwa kampuni si serikali. Huo ni ushauri mbaya. Bwana mmoja, Barry Beavis, alizidisha dakika 56 katika maegesho ya maduka huko Chelmsford, akadaiwa pauni 85, akakataa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza, na Novemba 2015 akashindwa. Kampuni inaweza kwenda mahakamani, na hukumu isiyolipwa ndani ya mwezi mmoja hubaki miaka 6 katika kumbukumbu za madeni. Mtu wa namna hiyo hupata taabu hata kupanga nyumba. Vijana wetu wanaohamahama vyumba wako hatarini zaidi, kwa sababu barua hupelekwa kwenye anwani iliyoandikishwa pamoja na gari. Akihama bila kuibadilisha, hukumu inaweza kutolewa hajaona hata karatasi moja.

Lakini kukimbilia kulipa nako kuna hasara, kwa maana aliyelipa kwa kawaida amekubali dai, na mlango wa rufaa umefungwa. Barua husema ukilipa ndani ya siku 14 utapunguziwa, mara nyingi nusu. Punguzo hilo huwatisha watu wakalipa wasichodaiwa. Binti anazo siku 28 za kuiandikia kampuni kukata rufaa, bila malipo. Akiandika ndani ya zile 14, aghalabu hupewa tena nafasi ya punguzo hata akikataliwa. Akikataliwa, na kampuni ikiwa katika chama cha British Parking Association, atapewa namba ya kwenda chombo cha usuluhishi kiitwacho POPLA, ambako ana siku 28 nyingine, nako ni bure. Uamuzi wa POPLA huifunga kampuni, haumfungi mwenye gari. Ila akishindwa huko, punguzo limekwisha, na jambo hili alipime kabla.

Aandike nini? Kusema tu “sikuona kibao” ni hoja dhaifu, labda awe na picha zinazoonyesha kibao kimefichika au hakisomeki usiku. Kama alilipa lakini akakosea herufi moja ya namba ya gari, apeleke uthibitisho wa malipo. Kanuni za vyama vya kampuni hizo zinataka dai la namna hiyo lifutwe.

Katika shauri hili hoja kubwa ni zile siku 20. Katika England na Wales, aliyeingia mkataba wa maegesho ni dereva. Sheria ya mwaka 2012 iitwayo Protection of Freedoms Act inairuhusu kampuni kumgeukia mwenye gari iwapo haimjui dereva, lakini kwa masharti. Iliyotegemea kamera pekee lazima barua yake imfikie mwenye gari ndani ya siku 14. Zaidi ya hayo, ruhusa hiyo haihusu ardhi iliyo chini ya sheria ndogo za pekee, na viwanja kadhaa vya ndege vina sheria ndogo zake. Basi binti anaweza kuandika kama mwenye gari, akaeleza kwamba barua ilichelewa na kwamba hawajibiki kwa nafasi hiyo, bila kutaja nani aliendesha.

Hapa baadhi yetu tulisita. Binti ndiye aliyeendesha. Je, si kuficha? Tulijadiliana kwa muda. Tumeona kwamba akiandika “sikuendesha mimi” atakuwa amesema uongo, na hilo tunamkataza kabisa. Lakini kutojibu swali ambalo sheria haimlazimishi kulijibu mbele ya kampuni si uongo. Akiona dhamiri inamsumbua, alipe lile punguzo mapema na aseme amelipa kwa hiari. Asiyekubaliana nasi atuandikie.

Mama naye ana kazi. Kipande cha tiketi alichopandia ndege kinaonyesha siku na saa ya safari. Akipige picha amtumie binti.

Wala jambo hili si la Ulaya peke yake. Mwaka 2021 TARURA walianza mfumo wa kielektroniki wa ada ya maegesho hapa nchini, ambapo deni huandikwa kwa namba ya gari na mwenyewe hulikuta baadaye. Nasi watu wa Tunduma tunaokwenda kupanda ndege Songwe, uwanja ambao licha ya jina lake uko Mbeya, tutakutana na mambo haya zaidi. Ushuru wa halmashauri unatakiwa kuwa na sheria ndogo iliyotangazwa katika Gazeti la Serikali. Ukitozwa usivyoelewa, uliza sheria ndogo hiyo na kiwango chake, lipa kwa namba ya malipo ya serikali badala ya kumpa mtu mkononi, na udai stakabadhi. Lalamiko lipelekwe kwa maandishi kwa mkurugenzi wa halmashauri, likiwa na tarehe, saa, mahali na namba ya gari. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa pale masjala kabla hujaondoka.