Ushoroba Usiwe Jina Jipya la Kufukuzwa



Nikirudi likizo Kilombero, bibi yangu hunisubiri na karatasi za kusomewa. Safari hii ilikuwa nakala ya fomu ya kifuta jasho. Tembo waliingia kwenye mpunga wake usiku, wakala karibu ekari nzima na kilichobaki wakakikanyaga. Majirani walipiga madebe na kuwasha moto, wapi! Fomu ikajazwa, ikapigwa muhuri, ikaondoka. Msimu mwingine umefika, hela hajaiona.

Nilidhani atawatukana tembo. Akasema, "Mjukuu wangu, zamani walikuwa na njia yao kule bondeni, kila mtu anaijua. Watu wakagawiwa mashamba juu ya njia. Sasa wapite wapi?"

Hiyo njia ndiyo wataalamu wanaiita ushoroba: kipande cha ardhi kinachounganisha hifadhi moja na nyingine, ili wanyama wafuate maji, malisho na wenza wa kuzaa nao. Ukikikata, hifadhi inakuwa kisiwa. Mwaka 1996 mtafiti William Newmark alichapisha utafiti kuhusu hifadhi sita za Tanzania, akaonyesha kwamba zile ndogo zilizotengwa ndizo zilizopoteza aina nyingi zaidi za wanyama wakubwa. Na ukame ukizidi, mnyama aliyefungiwa kisiwani hana pa kukimbilia isipokuwa shambani kwa bibi.

Sasa najua baadhi yenu mtasema: "Dada, hizo ni mbinu za serikali kupora ardhi." Hofu hiyo siipuuzi. Juni 2022 kule Loliondo, vigingi vya kutenga kilomita za mraba 1,500 viliwekwa chini ya ulinzi wa askari wenye silaha. Askari mmoja aliuawa, na wananchi wengine wakavuka mpaka kwenda Kenya. Sababu tulizopewa? Mazalia na mapito ya wanyama. Mfugaji aliyeyaona yale, ukimtajia neno ushoroba lazima ashtuke.

Lakini tukiishia kusema "hatutaki shoroba", tumemwacha bibi na tembo wake usiku. Tatizo ni nani anachora mstari, na kwa ridhaa ya nani.

Hebu tuangalie sheria. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 kinampa Waziri mamlaka ya kutangaza shoroba kwa kushauriana na mamlaka za serikali za mitaa. Kushauriana tu. Upande wa pili ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kifungu cha 8 kinasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Yaani mwenyekiti wa kijiji hawezi kukugawia hata robo eka bila wanakijiji kukubali, ila njia ya tembo inaweza kupita kijijini kwako kwa mashauriano yaliyofanyika ukumbini wilayani. Kushauriwa na kuridhia ni vitu viwili tofauti, jamani. Hilo halihitaji digrii ya sheria.

Na si jambo la mbali. Mpango kazi wa kitaifa uliozinduliwa mwaka 2022 umeorodhesha shoroba 61, na 20 kati yake zimepewa kipaumbele. Hesabu mwenyewe ni vijiji vingapi.

Inawezekana kufanya vizuri. Huku huku Kilombero, kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere, vijiji vilikaa, vikatenga ardhi kwa ajili ya ushoroba, wenye mashamba wakalipwa fidia, na kikajengwa kivuko cha tembo chini ya barabara. Ilichukua miaka ya vikao. Ndiyo gharama yake, na ni nafuu kuliko gharama ya bunduki.

Kwa hiyo chama chetu kiweke mambo matatu kwenye ilani.

Moja, ushoroba wowote unaogusa ardhi ya kijiji upite kwanza mkutano mkuu wa kijiji, ramani ikiwa ukutani na muhtasari ukiwa umesainiwa, na uingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji hicho.

Mbili, anayeachia ardhi alipwe kabla hajahama. Ibara ya 24 ya Katiba inataka fidia inayostahili. Ahadi ya mdomo siyo fidia.

Tatu, kifuta jasho kiandikwe upya. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi laki 1 kwa ekari kama kiwango cha juu, na zikaacha shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi bila kitu. Sasa ushoroba ukitangazwa nyuma ya nyumba yako, hizo mita zitahesabiwa kuanzia wapi? Swali hilo lijibiwe kwenye sheria kabla kigingi hakijachimbiwa.

Wewe unayesoma hapa na kwenu ni kijijini, kazi yako ni ndogo. Muulize mtendaji kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, na kama kuna njia ya wanyama iliyochorwa humo. Mkutano mkuu ukiitishwa, nenda, na uliza muhtasari uko wapi. Tukisusia vikao, mstari utachorwa tu, na tutaujua siku ya vigingi.

Bibi hachukii tembo. Anachotaka ni tembo wapate njia yao na yeye abaki na shamba lake. Kama chama hakiwezi kudai vyote viwili kwa pamoja, basi tuache kumwomba kura.