Kopo la Unga na Mabibo Yanayooza Shambani

Ndugu Waislamu,

Msimu wa korosho ukiwadia hapa Tandahimba, fedha huingia mikononi, na wauza dawa nao huzifuata. Miongoni mwa bidhaa zao yamo makopo ya unga yanayonasibishwa na Ayurveda, yaani tiba kongwe ya Bara Hindi, yenye kuahidi damu, nguvu na vitamini zote. Mama mjamzito huambiwa kopo moja latosha, ilhali mabibo yanaoza chini ya mikorosho yake mwenyewe.

Ayurveda si elimu ya kudharauliwa. Wanazuoni wetu waliijua mapema: Ali bin Rabban al-Tabari, katika kitabu chake Firdaws al-Hikma cha yapata mwaka 850, alitenga sehemu ya kueleza tiba ya Wahindi. Katika elimu hiyo hakuna neno vitamini, kwani lilibuniwa mwaka 1912. Kilichomo ni fundisho kwamba chakula ni dawa, na kwamba mlo ukusanye ladha sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na ukakasi. Bibo peke yake lina tatu kati ya hizo. Mwenye kulishika fundisho hili hatashinda na ugali wa muhogo mtupu.

Tuitazame basi sahani yetu. Ugali wa muhogo hutia nguvu, lakini protini yake ni haba na vitamini A karibu haimo. Kisamvu kina vitamini A na madini ya chuma. Kitwangwe na kuchemshwa sana ili sumu itoke, kisha kiungwe kwa nazi au karanga, kwa kuwa vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Chuma cha mboga hupokelewa kwa shida. Vitamini C hukisaidia, chai hukizuia. Kwa hiyo chai isinywewe pamoja na mlo. Hapo ndipo bibo linapopata cheo chake, maana vitamini C yake huishinda ya chungwa mara kadhaa. Lioshwe, liliwe bichi, au likamuliwe na kunywewa siku hiyohiyo, kabla maji yake hayajachacha yakawa uraka, ambao ni haramu kwetu. Dagaa nao wasikose, kwani vitamini B12 haipatikani katika mboga za majani.

Ama makopo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwa njia ya intaneti. Takriban moja katika kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni, na yenyewe huleta upungufu wa damu, maradhi yaleyale yanayokimbiwa.

Tena upungufu wa damu hauletwi na chakula pekee. Malaria na minyoo huuleta pia, na hayo hubainishwa kwa kipimo. Mama akiona kizunguzungu, uchovu au weupe wa viganja, aende kituo cha afya, na vidonge vya chuma anavyopewa kliniki asiviache.

Enyi akina baba, malipo ya korosho hupita mikononi mwenu. Kabla ya kununua kopo, nunueni dagaa na mayai, na wekeni akiba ya nauli ya kliniki. Kumlisha mke na watoto ni wajibu wenu, si hisani.

Wabillahi tawfiq.