Maktaba ni Ofisi ya Kazi ya Mtoto wa Mkulima

Kwa miaka mingi mwalimu wa Tanzania alikuwa na usia mmoja kwa mwanafunzi wake: soma kwa bidii, ufaulu, kazi itakuja. Usia huo haukuwa wa uongo. Katika miaka ya 1970 kijana aliyehitimu masomo ya juu alipangiwa kazi na Serikali. Hakuandika barua kumi za maombi, wala hakupekua magazeti kutafuta tangazo. Taifa lilikuwa na upungufu mkubwa wa wataalamu, na kila mhitimu alikuwa amekwisha kuhesabiwa kabla hajavaa joho. Aidha, Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu, na kwa hiyo kijana aliijua kazi kabla ya kuchagua elimu ya juu.

Hali hiyo imepita. Tangu mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990, shahada au stashahada si hati ya kupewa kazi. Nafasi hutangazwa, huombwa na hushindaniwa. Kwa marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007 iliundwa Sekretarieti ya Ajira, ambayo kazi yake ni kuendesha ushindani huo kwa niaba ya waajiri wa umma. Yaani mzigo uliokuwa mabegani mwa Serikali, wa kumkutanisha mhitimu na kazi, sasa sehemu yake kubwa umekuwa mabegani mwa mhitimu mwenyewe.

Jambo la kusikitisha ni kwamba usia wa zamani umebaki pale pale. Shuleni kijana bado huambiwa afaulu tu. Haambiwi kazi hutafutwaje, hutangazwa wapi, hudai sifa zipi, wala sheria inasema nini juu ya mkataba atakaotia saini. Katika ombwe hilo huingia kitu kingine, nacho ni kujuana.

Tuchukue mfano wa vijana wawili waliomaliza kidato cha nne mwaka mmoja na kwa alama zinazolingana. Mmoja ni mtoto wa mkulima wa Sumbawanga. Mwingine mjomba wake ni mkuu wa idara mjini. Huyu wa pili hujua mapema chuo kipi kinafundisha fani gani, tangazo la kazi litatoka lini, na barua ya maombi huandikwaje. Si lazima mjomba atende dhuluma yoyote. Inatosha kwamba hujibu maswali ya mpwa wake wakati wa chakula cha jioni. Mtoto wa mkulima hana wa kumwuliza. Ushindani unaosemwa kuwa wa haki huanza mmoja akiwa amekwisha kutangulia nusu ya njia.

Je, mtoto wa mkulima atapata wapi mjomba wa namna hiyo? Jibu limekuwapo nchini tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru. Bodi ya maktaba za umma iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963. Tarehe 9 Desemba 1967, Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Sheria Namba 6 ya 1975 ikaunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliyopo hadi leo, na maktaba zikaenea mikoani. Ikumbukwe kwamba mwaka 1967 ndio mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea. Haikuwa sadfa. Taifa lililotangaza usawa lilijua kwamba maarifa yakikaa katika nyumba za wachache, usawa utabaki katika karatasi.

Lakini mtu akiingia leo katika maktaba nyingi za mikoa atawakuta vijana wengi wameinamia madaftari yao wenyewe. Wamefuata meza, kiti na utulivu. Wanajiandaa kwa mtihani. Hilo si kosa. Nyumba nyingi hazina nafasi wala taa ya kusomea. Kosa ni kudhani kwamba kazi ya maktaba inaishia hapo. Kijana hukaa hatua tano kutoka kwenye majalada ya magazeti, asiyafungue hata siku moja, kisha akahitimu na kulalamika kwamba hajui aanzie wapi.

Yafaa basi kueleza kwa uwazi kilichomo katika maktaba kwa ajili ya mwenye kutafuta kazi.

Kwanza ni magazeti ya zamani. Tangazo la leo humwambia kijana kwamba mtu fulani anahitajika na kwamba siku za kuomba zimebaki chache. Matangazo ya miaka miwili, yakisomwa kwa pamoja, humwambia jambo kubwa zaidi: ni fani zipi zinatafutwa mara kwa mara, ni sifa zipi zinarudiwa na kila mwajiri, na ni vyeti gani vya ziada vinavyomtofautisha anayeitwa kwenye usaili na asiyeitwa. Kijana wa kidato cha tatu akijua hayo, bado anao wakati wa kujirekebisha. Anayeyajua baada ya kuhitimu amechelewa.

Pili ni miongozo ya vyuo na sheria za nchi. Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 kwa kidato cha tano, ambazo pamoja na zile 16 za zamani zilifanya jumla ya 65. Ni hatua njema, kwa maana imepanua njia za vijana. Lakini kijana atachaguaje kati ya njia 65 ikiwa hajui kila moja inaelekea wapi? Bila maelezo atafuata rafiki yake. Vilevile kijana aliyesoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, haajiriwi kwa maneno matupu, kwa sababu anajua kwamba mwajiri anawajibika kumpa maelezo ya ajira yake kwa maandishi.

Tatu ni maarifa ya kujiajiri. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni za wananchi. Hata hivyo, kikundi kisichojua kujisajili, kuandika andiko la mradi wala kutunza hesabu hukosa, na kile chenye ndugu ofisini hupata. Vitabu vya hesabu za biashara, vya ufugaji, vya useremala na vya ushirika ndivyo vinavyoweza kuziba pengo hilo.

Nne ni ustadi wa maombi yenyewe. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka barua iliyotiwa saini, maelezo binafsi yenye anwani na simu zinazofanya kazi, wadhamini watatu wa kuaminika, na vyeti kamili. Hati za matokeo pekee hazikubaliwi mahali pa vyeti. Maombi hupelekwa kwa mtandao. Kijana mwenye akili nzuri aweza kuenguliwa kwa sababu tu aliambatisha karatasi isiyotakiwa. Mambo haya hufundishika kwa saa mbili mbele ya meza ya maktaba.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi yote haya yamo katika simu ya mkononi. Kweli simu ina mengi, lakini simu hiyo hiyo huleta matangazo ya uongo yanayomtaka kijana atume fedha ili ahakikishiwe kazi, naye huzituma kwa sababu hana pa kulinganishia. Maktaba humpa mahali pa kulinganisha na mtu wa kumwuliza. Mkutubi hamwuzii mtu nafasi ya kazi.

Wapo pia watakaosema kwamba tatizo ni uchache wa kazi, wala si uchache wa habari. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Maktaba haiongezi hata nafasi moja katika ikama ya Serikali, wala haijengi kiwanda. Lakini uchache wa kazi ndio hasa unaofanya suala la habari kuwa suala la haki. Kazi zikiwa nyingi, asiyejua leo atapata kesho. Kazi zikiwa chache, asiyejua hapati kabisa, na nafasi yake huchukuliwa na aliyezaliwa karibu na ofisi.

Basi nini kifanyike? Mwalimu asiishie kugawa fomu za uchaguzi wa masomo. Awapeleke wanafunzi maktaba kabla ya kuzijaza, na kila mmoja arudi na maandishi ya ukurasa mmoja: kazi aitakayo, masomo yanayohitajika, chuo kinachoyafundisha, na gharama zake. Pale ambapo maktaba iko mbali, sanduku la miongozo na magazeti katika ofisi ya taaluma laweza kuanza kazi hiyo.

Mtumishi wa umma naye anao wajibu wake. Miundo ya utumishi, inayoeleza mtu huingiaje katika kada na hupandaje daraja, haina sababu ya kulala masjala kama siri ya ofisi. Kila idara ipeleke nakala maktaba ya mkoa au ya wilaya, pamoja na matangazo yake ya kazi siku ile ile yanapotolewa. Mkutubi ayapange kwa fani na kuyahifadhi katika jalada moja ambalo kila mwananchi atalijua. Halmashauri nazo, zinapopanga bajeti, zikumbuke kwamba maktaba yenye vitabu vya miaka thelathini iliyopita humwandaa kijana kwa kazi ambazo hazipo tena.

Hakuna katika hayo linalohitaji msaada wa kigeni. Yanahitaji mwalimu anayeona kwamba kazi yake haiishi siku ya mtihani, na mtumishi anayekubali kwamba alichonacho mezani ni mali ya umma. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana wa nchi hii wako tayari kuinama. Wanachohitaji ni kuonyeshwa mvungu ulipo. Watoto wa wenye vyeo huonyeshwa nyumbani. Watoto wa wakulima na wafanyakazi hapana budi waonyeshwe na umma, na mahali pa kuonyeshwa pamejengwa tayari.