Dawati likaguliwe kabla ya vanishi

UPEPO WA ZIWA
Na Kulwa Masanja

Kamati ya shule ikipokea madawati, kazi yake kubwa huwa ni kuhesabu. Yanashushwa kwenye lori, yanapangwa kumi kumi, mwenyekiti anatia saini, picha inapigwa. Mwaka 2016, Rais John Magufuli alipowapa wakuu wa mikoa na wilaya hadi Juni 30 wawe wamemaliza upungufu wa madawati, nchi nzima ilihesabu. Sibezi hesabu ile, maana watoto waliokuwa wakikaa sakafuni walipata pa kukaa. Ila idadi haisemi kama mbao za juu ya dawati zimeungana, au zimelazwa jirani jirani tu na kupakwa vanishi.

Kiangazi ndicho kinachosema. Kuanzia Juni hadi Septemba hewa ya Mwanza inakauka, ubao unasinyaa kwa upana wake, na katikati ya dawati ufa unafunguka. Ncha ya penseli inazama humo, karatasi inatoboka. Mtoto wa darasa la pili anayejifunza kuumba herufi anahangaika na bonde ambalo fundi alipaswa kulimaliza karakana.

Utaambiwa kosa ni mbao mbichi, na mara nyingi ni kweli. Msonobari wa Buhindi kule Buchosa, au ule unaosafiri kutoka Sao Hill, Mufindi, unahitaji kupangwa kivulini hewa ipite, na mteja hataki kusubiri. Lakini hata mbao kavu itaachia kama ubavu wake haukunyooshwa. Gundi hushika pale mbao inapogusa mbao. Pengo haiwezi kulishika. Vumbi la msumeno lililokorogwa na gundi na kushindiliwa kwenye ufa huficha tu, na mvua za vuli zikija na kuondoka hubanduka.

Kazi yenyewe ni ya randa ndefu. Randa fupi hupanda na kushuka na mawimbi ya ubao, ndefu huruka mabonde na kukata vilima peke yake mpaka ubavu unyooke. Fundi anaubana ubao kwenye jiriwa, anatazama nyuzi zimelala upande gani ili kisu kisizing'oe, kisha anasukuma. Mwanzoni uzito uko mkono wa mbele, randa ikifika mwisho wa ubao uzito umehamia mkono wa nyuma. Asiyejua hilo hula ncha zote mbili na kuacha kilima katikati. Utajua amefika pale maranda yanapotoka kipande kimoja, kutoka ncha hadi ncha. Ndipo anaweka skwea, anatembeza, anatafuta mwanga unaopenya chini yake.

Kuna ujanja mmoja ninaoupenda sana. Mbao mbili zitakazoungana hukunjwa pamoja kama kurasa za kitabu, mbavu zikitazama juu, na kupigwa randa kwa mpigo mmoja. Hata mkono ukiinama kidogo, zikifunguliwa upungufu wa huu unajazwa na ziada ya ule, na meza inalala sawa. Mafundi wengine hukwangua pia katikati ya ubavu, kiasi cha unene wa karatasi, ili klampu zikikaza ncha zibanwe zaidi, kwa kuwa ncha ndizo zinazokauka kwanza.

Ufukwe huu wa Ziwa Victoria unaijua thamani ya ubavu ulionyooka. Mafundi wa mitumbwi huonesha hivyo hadi leo: pamba hukandamizwa kwenye maungio, lakini pengo likizidi, pamba haiokoi mtu. Mwaka 1875 msafiri Henry Stanley alifika Kageye, kando ya ziwa hili, na Lady Alice, mashua iliyoundwa Uingereza kwa vipande na kubebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo. Simsifu mtu huyo. Watu wa kisiwa cha Bumbire walimjua kwa risasi mwaka huohuo. Ila vipande vile, baada ya miezi ya jua na mabega ya watu, viliungwa tena pale Kageye, na mashua ikalizunguka ziwa.

Mashine za kuranda zimejaa Igoma, Buhongwa na Nyakato, na ni jambo jema. Ila mara nyingi zinachofanya ni kulainisha nyuso za ubao, na ubavu unabaki na alama za msumeno. Kijana anayejifunza leo anaweza kuuza makabati kadhaa kabla hajawahi kunoa kisu cha randa. Simlaumu. Analipwa kwa idadi, na anayemlipa hajawahi kumwuliza habari za ubavu.

Kwa hiyo halmashauri zetu, Ilemela, Jiji la Mwanza na nyingine, ziandike kwenye mikataba kwamba mbao za juu zikaguliwe zikiwa tupu, kabla ya gundi na kabla ya vanishi. Mkaguzi asimamishe ubao mmoja juu ya mwenzake, ubavu kwa ubavu, dirishani. Mwanga ukipita, mbao zirudi kwenye jiriwa. Wa juu ukizunguka katikati unaposukumwa ncha, kuna kilima, nazo zirudi. Ukaguzi huu hauhitaji mhandisi. Mwalimu yeyote anauweza. Na bei ya dawati ipande kwa kiasi cha saa ambazo fundi atazitumia na randa, ziandikwe kwenye ankara kwa jina lake, ufundi, na zilipwe.