Jiki, Siki na Kikayamba cha Mtoto

Mwezi uliopita nilikwenda Magomeni kumzuru binti wa dada yangu, ambaye Mwenyezi Mungu amemruzuku mtoto wa kiume anayetimiza sasa miezi saba, na badala ya harufu ya udi niliyoizoea kila niingiapo nyumba ile, nililakiwa kizingitini na harufu kali iliyonichoma pua na kunitoa machozi, hata shikamoo yake nikaiitikia kwa kikohozi. Asili ya harufu hiyo ilikuwa ndoo iliyowekwa kando ya mlango wa jikoni, nayo ilikuwa imejaa vichezeo vyote vya mtoto, tangu kikayamba kilichosukwa kwa ukindu hata bata wa mpira wa kuogea, vyote vimezamishwa katika maji yaliyotiwa jiki pasipo kipimo, kisha yakakolezwa kwa kikombe cha siki ili yapate nguvu zaidi. “Maradhi yamezidi, mjomba,” aliniambia kwa fahari kidogo, “nataka kila anachotia kinywani kiwe safi kabisa.” Nilimsihi amchukue mtoto, tukatoka sote uani, tukiyaacha madirisha na milango wazi, na kwa zaidi ya nusu saa hakuna aliyerudi kuisogelea ndoo ile.

Yafaa ijulikane kwamba jiki ikichanganywa na siki, au na maji ya ndimu, au na dawa ya kusugulia choo yenye asidi, hutoa hewa ya klorini, ambayo ndiyo hewa waliyoifungulia Wajerumani karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji mwezi Aprili 1915, katika Vita Vikuu vya kwanza. Na ikichanganywa na kitu chenye amonia hutoa sumu nyingine isiyopungua ubaya. Hewa itokayo katika ndoo moja ni kidogo mno ikilinganishwa na ile ya vitani, sikatai, lakini mapafu yaliyokuwa yakiivuta nayo yalikuwa ya mtoto wa miezi saba.

Binti yule si mjinga, maana amesoma kunishinda. Ila nadhani amesahau somo alilofundishwa chuoni tangu udogoni, kama tulivyofundishwa wengi wetu tuliokulia pwani, nalo ni lile la tohara: kwamba najisi yenye aini, yaani yenye dhati inayoonekana, haitohariki kwa kumiminiwa maji hata yakiwa mapipa kumi, maadamu dhati yake ingaliko, bali sharti iondoke kwanza yenyewe, pamoja na ladha yake na rangi yake na harufu yake, ndipo maji yafanye kazi. Mafakihi hawakuwa wakisema habari za vijidudu, nami siwasingizii. Walisema habari za ibada. Lakini anayeijua kanuni ile hashindwi kuelewa kwa nini jiki haifui dafu juu ya kichezeo kilichogandamana uji na mate, kwa kuwa dawa hiyo huishiwa nguvu kwa kupambana na uchafu wenyewe kabla haijawafikia vijidudu waliojificha chini yake. Kuondoa uchafu ni jambo moja, kuua vijidudu ni jambo jingine, na la kwanza hutangulia. Tena aghalabu hilo la kwanza peke yake hutosha.

Kwa siku za kawaida, mtoto akiwa mzima na wanaomzunguka wakiwa wazima, vichezeo vya plastiki visivyo na tundu haviombi zaidi ya sabuni ile ile ya kuoshea vyombo, maji ya vuguvugu, kipande cha dodoki, na brashi ndogo kwa ajili ya mifereji yake, kisha visuuzwe na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa, kwani ukungu huota penye unyevu. Mwanasesere wa kitambaa hufuliwa, hukamuliwa, akaanikwa mpaka pamba yake ya ndani ikauke, kazi ambayo wakati wa masika huweza kuchukua siku mbili au tatu, na asirudishwe kitandani akingali na majimaji. Kichezeo cha mbao hakilowekwi, maana mbao hufura na kupasuka, na ufa ukishapatikana uchafu hupata makao. Hicho hupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa maji ya sabuni, kisha kwa kingine chenye maji matupu, na kikayamba cha ukindu vivyo hivyo. Chenye betri ndicho kinachonitia hofu, na hofu hiyo haitokani na uchafu: ziko betri ndogo za duara, mfano wa kifungo cha shati, ambazo mtoto akimeza moja na ikamkwama kooni huweza kumchoma nyama za ndani katika muda wa saa mbili tu. Basi mtu akikipangusa kichezeo cha namna hiyo, ambacho hakizamishwi majini kabisa, na atazame kama kifuniko cha betri kimekazwa kwa skurubu, na papo hapo ayavute macho ya mwanasesere na magurudumu ya kigari aone kama hayajalegea.

Jiki nayo ina siku zake. Mtoto akiharisha au akitapika, au mtoto wa jirani aliye mgonjwa akija akachezea vitu vile vile, hapo ndipo kazi ya sabuni ikamilishwe kwa dawa, kwa kuwa virusi kama vya rota, ambavyo watoto wetu huchanjwa dhidi yake tangu Tanzania ilipoanza chanjo hiyo mwishoni mwa mwaka 2012 na Kenya mwaka 2014, huweza kukaa juu ya kitu kigumu kwa siku kadhaa. Kwa jiki ambayo chupa yake imeandikwa asilimia 3.5, vijiko viwili vya kulia chakula katika lita moja ya maji baridi vyatosha, na nasema baridi kwa sababu maji ya moto huidhoofisha. Kichezeo kilichokwisha kuoshwa hukaa humo dakika kama tano, kisha husuuzwa kwa maji mengi, maana kitarudi kinywani, kikaanikwa. Maji yanayobaki humwagwa siku ile ile, kwa kuwa kesho yake hayatakuwa na nguvu ya kutegemewa. Chupa ikiwa na maelezo mengine, yafuatwe ya chupa. Asiyependa dawa na achemshe, ikiwa kichezeo ni cha namna inayostahimili moto, ila vile vya kung’atia wakati wa kuota meno, vyenye majimaji ndani, havichemshwi.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Jiki ya binti yetu ilikuwa katika chupa ya soda. Aliinunua dukani kwa kipimo, kama tununuavyo mafuta ya taa, na chupa ile haikuwa na karatasi, haikuwa na asilimia, wala haikuwa na kifuniko kinachoweza kumshinda mtoto wa miaka mitatu. Wenzetu wa Kongo huyaita maji haya javel, kwa jina la kijiji kilichokuwa nje ya Paris, ambako yalianza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya kung’arisha nguo. Lakini jina lolote lile, mtoto aonaye chupa ya soda huona soda. Akiisha kuinywa, asitapishwe, kwa sababu kilichomchoma kikishuka kitamchoma tena kikipanda. Asuuzwe kinywa, akimbizwe hospitali, na chupa ichukuliwe pamoja naye. Je, daktari atasoma nini katika chupa ya soda? Natoa rai kwamba halmashauri zetu, ambazo hazichoki kukagua vibali vya wauza maandazi, zipige marufuku kuuza jiki ya kupima katika chupa za vinywaji, na wenye viwanda watoe chupa ndogo zenye maelezo ya Kiswahili na kifuniko cha kumshinda mtoto, kwa bei ya mtu apataye riziki yake siku kwa siku. Maana mnunuzi wa kipimo hana mapenzi na hatari, bali hana shilingi za chupa nzima.

Upo na upande wa pili. Wanavyuoni wa zamani walimlaumu mtu aliyeshikwa na wasiwasi wa tohara, ambaye hutawadha akarudia na kurudia mpaka maji yakamwishia mtungini hali sala inampita, na wasiwasi huo nauona leo kwa wazazi wanaokosha kichezeo kila kinapogusa sakafu. Kinachohitaji kuoshwa kila siku ni kile kiingiacho kinywani kila siku. Vinginevyo mara moja kwa juma inatosha, na mikono ya mlezi, ambayo hupita katika sufuria, simu na noti za pesa, ina haki ya sabuni kabla ya bata wa mpira.

Na bata huyo ana kisa chake. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi na Marekani walivipasua vichezeo vya kuogea vya namna hii, wakakuta ndani yake utando wa vijidudu kati ya milioni 5 na milioni 75 katika kila sentimita moja ya mraba, kwani maji ya kuogea huingia kwa kitundu cha chini yasitoke yote, na plastiki yenyewe huwa lishe ya wanaoota humo. Tulipoingia tena ndani, na ndoo imekwisha kumwagwa, tulimpasua bata wetu kwa kisu cha jikoni. Tumbo lake lilikuwa jeusi kama chungu cha kuni. Binti alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Basi atachezea nini, mjomba?” Nami kabla sijapata la kumjibu, mtoto mwenyewe, aliyekuwa ameketishwa jamvini, alikwisha kuushika mwiko wa wali uliooshwa adhuhuri ile, akaugonga sakafuni mara mbili, akautia kinywani.